Geti Valvu ya Ghorofa ya Pili

Mimi nina wivu. Nasema mapema ili asiwepo wa kunishangaa huko mbele. Nina wivu wa mume, nina wivu wa wateja, nina wivu hata wa kiti changu cha dukani. Nikimkuta mtu amekikalia, moyo unanidunda. Marehemu mama yangu alikuwa akisema wivu wangu ungewatosha mabinti zake wote na bado ukabaki wa kumpa jirani. Nimejaribu kuupunguza, nimeshindwa. Sasa naishi nao kama wengine wanavyoishi na presha.

Kazi yangu ni mabomba. Duka nimelirithi kwa baba, liko Kariakoo, limebanwa kati ya muuza rangi na muuza nyaya za umeme, na ndani yake huwezi kugeuka bila kugonga elbo au soketi ya bomba. Watoto wenzangu walipokuwa wakicheza na wanasesere, mimi nilikuwa sakafuni na valvu. Baba alinifundisha kuzifungua, kuchungulia ndani, kisha kuzirudisha bila kubakiza hata washa moja ya mpira mezani. Kwa hiyo mtu akiniambia koki imegoma, siulizi imegoma vipi.

Nyumba tunayopanga, mimi na mume wangu, ni ya ghorofa tatu, upande wa Msimbazi. Chini ni maduka. Ghorofa ya kwanza ni mafundi cherehani, ambao Jumapili hawafungui. Ya pili anakaa jirani yetu, mwanamke anayeishi peke yake, muuza udi na manukato. Ya tatu ni sisi. Juu ya paa kuna tangi la maji na kamba za kuanikia nguo. Maji yanatoka kisimani, pampu inayapandisha hadi juu, halafu yanashuka kwa bomba moja nene la chuma linalopita bafuni kwa kila ghorofa. Kila bafu lina valvu yake ya kukata maji. Tulikubaliana kila mtu aifunge yake akishamaliza, maana mabomba ya ndani yamezeeka na yanadondosha; mkiacha wazi, mchana haufiki tangi limekauka.

Valvu zenyewe zilikuwa geti valvu za gurudumu. Ndani mna bamba la chuma linaloshuka kukata njia ya maji, geti hasa, na linapandishwa na skrubu ndefu unayoizungusha kwa gurudumu dogo lililo juu. Unazungusha, unazungusha, ndipo bamba linainuka kidogo. Kwa maji matamu hiyo ni koki ya maisha. Maji ya kisima chetu yana chumvi, na chumvi inapenda nyuzi za skrubu, yale matuta yanayoizunguka. Inajaa humo, inaganda, na baada ya miezi michache gurudumu haligeuki mpaka ulipigie magoti.

Ya jirani ndiyo iliyokuwa ikigoma kuliko zote. Au ndivyo alivyosema.

"Hodi, dada. Samahani, shem yupo? Koki imenigomea tena."

Mimi si dada yake. Aliniita dada ili ampate shemeji.

Mume wangu ni mtu wa kukaa. Taa ya jikoni kwetu iliungua, ikabaki imeungua mpaka nikazoea kukaanga kwa kupapasa. Lakini sauti ile ikisikika mlangoni, unamkuta ameshashika spana na kandambili zimeshaingia miguuni. Anashuka. Anaingia bafuni kwa mwanamke wa watu. Mimi nabaki juu nahesabu pumzi zangu, na akirudi ananukia udi kama katoka harusini.

"Koki moja inakuchukua muda wote huo?"

"Ilikuwa ngumu."

"Na huo udi?"

"Nimekuta anachoma. Sasa nizibe pua?"

Siku moja nilishuka mwenyewe na spana yangu. Alifungua mlango akiwa na tabasamu lake lote, akachungulia nyuma yangu, tabasamu likaisha. "Ah, dada. Umekuja mwenyewe?" Nikaingia. Gurudumu lilikuwa gumu kweli, sitamsingizia, ila nililivuta mara moja likakubali. Yeye alisimama mlangoni ameweka viganja vyake kifuani, vimepakwa hina mpaka kwenye vifundo, viganja ambavyo havijawahi kubeba kitu kizito kuliko chetezo. Nikatazama vyangu: vimepasuka, grisi imejikita kwenye mistari, kucha zimeliwa na nyuzi za mabomba. Nilipanda ngazi nimejaa wivu mpaka kooni. Niliwaonea wivu hata hao waliompaka ile hina.

Nilitaka kitu kimoja tu: mume wangu asiwe na sababu ya kuingia bafu lile. Nilimbadilishia geti valvu mpya kutoka dukani kwangu, ikagoma kama ya kwanza. Nikamfungia ile yenye mpira wa chuma ndani, uliotobolewa katikati, ya kugeuza robo duara tu. Chumvi ikaushika mpira, na mpini ukamkatikia mume wangu kiganjani. Akarudi na kidole kimefungwa kitambaa kilichotiwa marashi. Kitambaa hicho nilikichoma moto.

Ndipo nikaamua kutengeneza ya kwangu. Mchana wateja wakipungua, nilichora kwa chaki kwenye sakafu ya duka. Adui alikuwa nyuzi, kwa hiyo nyuzi ziondoke. Badala ya skrubu, niweke fimbo nyoofu isiyo na nyuzi hata moja, ipande na kushuka kwa kuteleza, na chini yake bamba lilelile, likipita huku linajikwangua chumvi lenyewe. Badala ya gurudumu, niweke mpini. Mpini ushikwe kwa ncha moja na pini kwenye kiguzo kidogo, ufungwe kwenye fimbo karibu na hapo, upande mrefu ubaki kwa mtu. Ukishusha upande mrefu, bamba linashuka, ukiinua, linapanda. Hakuna kuzungusha. Ni mara moja tu, na maji yamekatika.

Nilipeleka mchoro mtaa wa Gerezani kwa fundi wa kukereza vyuma ambaye baba alikuwa akimtumia. Aliugeuzageuza.

"Mama, hii ya wapi? Sijawahi kuiona."

"Ya mteja wangu mmoja. Ana mikono laini."

Ya kwanza ilikwama mezani palepale. Mpini ukizunguka kwenye pini yake, pale unapoungana na fimbo panakwenda kwa upinde. Fimbo inataka kwenda wima. Tundu la kuunganishia nililichora duara, kwa hiyo vilivutana vikang'ang'aniana. Nilikasirika usiseme. Tukalirefusha lile tundu liwe kama mdomo wa sanduku la sadaka, ili kiungo kipate nafasi ya kutelezea, na mpini ukashuka kwa raha. Kisha ikaja shida ya pili: fimbo isiyo na nyuzi haina cha kuishika, ukiachia inajishukia yenyewe. Hapo tukazungushia kamba yenye grisi na kuibana kwa nati, inazuia maji yasivuje na papo hapo inaibana fimbo pale ulipoiacha. Pini nilitaka iwe ya kuchomoka kwa vidole, ili siku ya kubadilisha kamba asiitwe mwanamume yeyote.

"Mpini mrefu mno huu," fundi akasema. "Nusu yake inatosha."

"Acha hivyohivyo."

Mpini ukiwa mrefu, nguvu inayohitajika ni ndogo. Nilitaka mwanamke yule aweze kuishusha kwa vidole viwili, na hina yake isichubuke.

Siku ya kuifunga, mume wangu alishuka nami, ati kunisaidia kubeba. Maji yakiwa yanatoka, akaushika mpini akaushusha kama anavyofunga kila kitu. Huyu mtu hajui kufunga taratibu. Mlango wa gari anaubamiza, kisha anaupiga kofi kuhakikisha. Friji vivyo hivyo. Basi akaubamiza mpini, akaupiga kofi. Bomba lote likapiga: ngo! Halafu, dogo: ngo. Vumbi la chokaa likatudondokea. Maji yakisimamishwa ghafla yanagonga, hayana pa kwenda. Gurudumu halikuweza kufanya hivyo kwa sababu lilikuwa linafunga polepole. Yeye akacheka. Nikamgeukia jirani, nikamwonyesha namna ya kuushusha taratibu, maji yapungue kwanza ndipo yakatike. Akajifunza upesi, mjanja yule. Tangu siku hiyo hakuwahi kuligongesha hata mara moja.

Na hodi zikakoma. Wiki zikapita, hakuna shem, hakuna koki. Nilikuwa nasimama ukumbini kwangu nasikiliza jinsi ngazi zilivyotulia, nafurahi peke yangu. Furaha ilinipa ukarimu, nikatengeneza ya pili kwa ajili ya bafu letu na ya tatu, kubwa zaidi, ya kufunga pale bomba linapotokea kwenye tangi, ili siku bomba likipasuka maji ya nyumba nzima yakatwe kwa mara moja. Mafundi cherehani hawakuitaka, wakabaki na gurudumu lao.

Mume wangu aliupenda mpini wa bafuni kwetu. Akawa anaoga kwa mtindo mpya: anajimwagia, anafunga, anajipaka sabuni, anafungua, anajisuuza, anafunga tena. Kwa kidole chenye povu tu inawezekana. Kila akifunga, ngo kubwa, ngo dogo. Nilimwambia ataniangushia nyumba. Akasema nimeitengeneza mwenyewe.

Jumapili moja asubuhi nilikuwa natoka kwenda dukani, naye akaniambia anakwenda Feri kununua samaki.

"Nitakuletea changu wa leo leo," akasema. "Umpike wa nazi."

Nilifika karibu na duka ndipo nikakumbuka miwani. Bila miwani sioni saizi ya nyuzi, nitamuuzia mtu ya robo tatu akitaka ya nusu. Nikarudi, nikapanda ngazi, nikaikuta miwani juu ya friji. Nilikuwa naivaa pale ukumbini niliposikia.

Ngo! Ngo.

Niliingia bafuni kwetu. Bomba lilikuwa bado linatetemeka, nililigusa. Mpini wetu ulikuwa chini, nilivyouacha. Cherehani wamefunga, na gurudumu lao haligongi. Umebaki wa ghorofa ya pili, ambao mwenyewe anaushusha kama anamlaza mtoto. Hilo kofi la pili ninalifahamu. Nimelisikia kwenye mlango wa gari siku ya harusi yangu.

Kwa hiyo hayuko Feri. Yuko chini ya miguu yangu, na kwa kuwa amefunga, sasa hivi anajipaka sabuni.

Nilivua viatu. Nilipanda paa nikiwa peku, nikapita katikati ya mashuka yangu niliyoyaanika alfajiri, nikafika kwenye tangi. Niliushika mpini ule mkubwa, nikaushusha taratibu nilivyomfundisha jirani, bila sauti yoyote. Kisha nikasimama. Nikatega sikio kwenye bomba.

Halafu nikasikia bombani mpini wa chini ukiinuliwa. Ukashushwa. Ukainuliwa tena kwa hasira. Hakuna kitu. Kisha mlango, na kandambili zikipanda ngazi haraka haraka. Zikapita mlango wetu bila hata kusita, kwa sababu wenye mlango walikuwa mmoja dukani na mwingine Feri.

Alitokea paani amejifunga kanga. Naijua kanga ile, nyekundu, pindo lake moja limeungua na chetezo. Kila wiki huanikwa kamba ya mbele ya mashuka yangu. Povu limejaa kichwani na masikioni, jicho moja amelifumba.

"Tangi limeka..." akaanza kusema, kisha akaniona.

Tulitazamana. Povu likamshuka shingoni.

"Umeshampata changu?" nikamuuliza.

"Mke wangu. Fungua kwanza, sabuni inaniingia machoni. Nitakueleza."

"Kamwite shemeji yako akufungulie. Nilimtengenezea mpini mrefu makusudi, asipate tabu."

Nilichomoa pini. Nikautoa mpini kwenye kiguzo chake, na bila mpini fimbo ile haivutiki na kiumbe chochote, imebanwa na kamba na grisi kama nilivyotaka ibanwe. Nikauweka kwapani. Yeye akanyoosha kiganja chenye povu kunizuia, kikateleza kwenye bega langu.

Nilishuka. Viatu nilivivalia mlangoni kwetu, nikafunga mlango na ufunguo nikautia mkobani. Ghorofa ya pili mlango ulikuwa wazi nusu, harufu ya udi imejaa ngazini. Alikuwa amesimama hapo ndani, anasikilizia, hakujua ni nyayo za nani. Nilipotokea, akavuta ushungi wake vizuri, akatafuta uso wa kuvaa.

"Dada," akasema. "Maji yamekatika?"

"Yamekatika, mke mwenzangu," nikamjibu, nikaendelea kushuka na mpini wangu kwenda kufungua duka.