Maharage Yaliyokosa Hewa

Biashara ya mazao ilipofunguliwa na wanunuzi wakaanza kutufuata hadi huku Mogitu, mama mkwe alinipa kipande cha shamba nipande maharage yangu mwenyewe. Majina ya wote waliokuwapo ninayo kichwani, hata ya ng'ombe, ila hapa sitaji mtu.

Mvua ikanyesha kupita kiasi. Ng'ombe wetu wakawa wanakatiza shambani kwenda kunywa maji, wakalishindilia tope. Jua lilipotoka, juu pakakauka kama sakafu, chini maji yamesimama. Maharage yakawa manjano.

Mume wangu akasema, "Mama watoto, mwezi ukiisha hivi hivi, naingiza ng'ombe."

Nilijua wakishaingia, shamba hilo halirudi kwangu.

Bwana shamba alipopita na baiskeli nikamwita. Aling'oa shina moja, akanionyesha vinundu vya kwenye mizizi, akapasua kimoja kwa ukucha. Ndani kijivu.

"Humu wanaishi vijidudu, mama. Wanachukua hewa ya udongoni wanaitengenezea maharage chakula. Na wao wanapumua. Hewa inapita kwenye vinafasi vya udongo, inapenya ganda la kinundu kidogo kidogo. Maji yakijaa, njia imeziba. Kinundu kikiwa kizima, ndani ni chekundu."

Mimi nimeishia darasa la pili, lakini hilo nilielewa pale pale.

Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe maharage yana pua! Yanunulie leso basi, mwanangu."

Nikachimba mifereji, maji yakatoka. Kisha nikapalilia juu juu, nivunje ule ugumu bila kukata mizizi. Mama mkwe alipochoka kucheka alichukua jembe lake, akashika mstari wa pembeni yangu.

Mwezi ukaisha, mume wangu akaja, ng'ombe nyuma yake. Majani machanga yalishaanza kuwa kijani, ya chini bado manjano. Nikasimama mbele yake, nikang'oa shina, nikapasua kinundu kwenye kiganja changu.

Aliinama akakitazama kama anavyotazama fizi za ndama anayesemekana anaumwa.

"Kina damu," akasema.

"Kinapumua, baba watoto."

Akakigeuza tena kwa kidole. "Huyu mzima."

Akapiga mluzi, akawazungusha ng'ombe kwa juu, njia ndefu. Hawakukatiza tena. Shamba lile ni langu mpaka leo, na kila mtu Mogitu anajua hivyo.