Mama Alipokuwa Eda

Mimi mkali, na kazi ya kupikia mamia ya watu kambini Afungi, kwenye mradi wa gesi, ilinizidishia ukali. Lakini siku ya kimbunga, mama aliponipigia simu kutoka kijijini, ukali wote ulinitoka. Baba alikuwa kafariki karibuni, mama yuko eda, hatoki nje. Akaniuliza, "Mwanangu, watu wanakimbilia skola, kwenye madarasa ya kuta za saruji. Nami nitoke?"

Nikamjibu, "Subiri, mama, nimuulize shehe."

Shehe sikumpata. Nilipompigia mama tena, rede ya simu imekatika. Ukuta wa udongo ukamwangukia amekaa mkekani, anangoja jibu langu.

Baada ya maziko shehe aliniambia dharura ina hukumu yake, mama angeweza kutoka bila kumwuliza mtu. Kwani nilikuwa sijui? Nilijua tangu chuo cha Kurani, nikiwa mdogo. Ila siku ile niliogopa kulisema jibu hilo mwenyewe. Najichukia kwa hilo, wala sitafuti mtu wa kunifariji.

Tangu hapo, upepo ukigonga mabati ya jiko, mwiko unaniponyoka. Wenzangu wakanitania: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Chekeni tu, hamjamfukua mama yenu kifusini kwa mikono.

Miaka ikapita, kisha shemeji yangu akafariki, mdogo wangu naye akaingia eda, hapa Palma. Nikaomba ruhusa kwa chefe, mkubwa wetu wa kazi, nikahamia kwake. Adhuhuri moja upepo ukavuma, wa kawaida tu, wa kupeperusha kanga kambani. Nikamshika mkono, nikamburuta mpaka barabarani, akiwa kichwa wazi, mbele ya vijana wa pikipiki, huku nikipiga kelele atoke, ukuta unaanguka. Mvua haikushuka hata tone. Majirani wakainamisha macho.

Nikamrudisha ndani nikingoja anitukane, maana stara yake nimeivunja hadharani. Hakunitukana. Alikaa chini, akasema, "Dada, mama aliniuliza mimi kwanza. Nilimwambia asitoke, watu watasema nini. Labda akuulize wewe."

Miaka yote hiyo amenyamaza. Akaanza kulia, na ilinipasa nimkumbatie, nimwambie si kosa lake. Sikumwambia. Nilikaa pale nikimtazama, nikapumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu mama afe, na bado naona haya.