Glavu za Hilja

Jirani yetu Paavo aliingia bila kukung'uta theluji viatuni. Hapo Mama akakaa chini, akajua. Simu ilikuwa kwa Paavo tu, na hospitali ilikuwa imepiga: mdogo wangu Hilja amefariki, homa ya mapafu. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Kabla yake Mama alizika wachanga wawili, wote kwa majipu na homa. Tulisema Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Hilja alipougua vivyo hivyo, daktari alimpima damu, akakuta chembe nyeupe zile zinazopigana na vijidudu karibu hazipo. Akauliza kama Baba na Mama ni ndugu. Babu zao walikuwa ndugu, kama ilivyo kwa wengi bondeni kwetu. Baba na Mama kila mmoja alirithi kasoro ileile kwa mzazi mmoja tu, akaishi salama. Mtoto aliyeipata kwao wote wawili hakuwa na kinga. Penisilini ndiyo iliyomkuza Hilja, ingawa fizi zilimvuja damu na meno yakamtoka mapema.

Kwetu waumini husalimiana kwa kushikana mikono, kila mtu na kila mtu. Asiyepewa mkono ni kama hayumo. Mama alitaka Hilja abaki nyumbani. Hilja akajifumia glavu nyeupe za sufu, kubwa kupita kiasi, maana zilichemshwa kuua vijidudu kila baada ya ibada, na sufu ikichemshwa hujikaza, mpaka zikamkaa sawasawa.

"Binti, unanisalimu kwa sufu?" mzee Eelis alimtania. "Aliyeokoka ni wewe au kondoo?"

"Kondoo, mzee. Mimi nimeazima ngozi yake tu."

Watu walicheka, lakini njiani kurudi aliniambia, "Dada, hata mkono wa Mama siujui vizuri. Siku moja nitasalimu kama watu."

Siku ya kumuaga tulimlaza sebuleni, jeneza wazi. Mtu alikuwa amemvika glavu zake. Mama alizivua polepole, akaziweka mfukoni, akaushika ule mkono kwa muda mrefu.

"Haya, msalimuni," akasema.

Wakapita wote, mmoja mmoja, mikono mitupu. Eelis alikuwa wa mwisho.

"Amani ya Mungu, Hilja," alisema, akainama.

Kisha Baba akafunika jeneza, tukalipeleka kanisani kwa sleji, gari la kuburuzwa juu ya theluji. Ardhi ilikuwa imeganda, haichimbiki, kwa hiyo Hilja alingoja huko na maiti wengine wa majira yale ya baridi hadi mwezi wa tano, ndipo tukamzika kando ya wale wachanga wawili.