Daftari la Mzee Milimita

Mtaani hakuna aliyemwita baba yangu kwa jina lake. Alikuwa Mzee Milimita, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Ukikutana naye ukamwambia, "Mzee, mvua ya jana ilikuwa kubwa," angekujibu, "Kumi na nane nukta mbili. Hiyo ni ya wastani." Watu walicheka. Mimi niliona aibu, maana aghalabu nilikuwa pembeni yake.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa kulinda pampu ya maji. Kazi ya moyoni ilikuwa kipimamvua, silinda ya bati yenye chupa ndani, ambayo watu wa ofisi ya hali ya hewa waliisimika uani kwetu. Kila siku saa tatu kamili asubuhi alimimina maji ya chupa kwenye glasi yenye mistari, akainama mpaka jicho likawa sawa na maji, kisha akaandika kwenye daftari. Siku kavu aliandika sifuri nukta sifuri kwa mwandiko uleule wa makini. Mwisho wa mwezi alinakili kwenye fomu na kuituma ofisini. Mpera wa mama aliukata kwa sababu ungekinga matone, na mama akanuna wiki nzima. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Uzio wa kuzuia mbuzi niliomtengenezea aliukataa mara mbili, eti mrefu.

Dada yangu ndiye aliyerithi ugonjwa huo. Alipokuwa na miaka saba baba alikuwa tayari anamwita Profesa. Alikuja kufundisha jiografia sekondari kwa miaka tisa, kisha akarudi chuoni kusomea shahada ya uzamili, mambo ya mabadiliko ya tabianchi. Utafiti wake ulihusu watu wa bondeni, kaya arobaini na moja zilizojenga kando ya mto. Je, wahamishwe, au tuta la kuzuia maji litawatosha? Na hilo tuta liwe na kimo gani? Halmashauri ilikuwa inamsubiri yeye, kwa sababu haikuwa na mwingine wa kumsubiri. Naye alitegemea daftari la baba, kwani bonde zima halikuwa na kumbukumbu nyingine ya mvua ya miaka kumi na tisa.

Sijawahi kumwona baba na furaha kama mwaka ule. Profesa akija na kompyuta yake, mzee alivaa shati la kola, akamsomea tarakimu moja moja kama mtu anayesoma barua ya sifa zake mwenyewe.

Kasoro iligunduliwa na msimamizi wa utafiti. Miaka sita nyuma mto ulipanda ukachukua nyumba nne bondeni, pamoja na bibi mmoja aliyekuwa amelala. Hakuna asiyeyakumbuka mafuriko yale. Lakini daftari la baba kwa wiki ile lilionyesha mvua ya kawaida tu, siku kubwa kuliko zote milimita kumi na moja. Msimamizi aliuliza swali moja: mvua ya kulaza vumbi imebebaje nyumba nne?

Siku hiyohiyo Profesa alikuja karakanani kwangu, akasubiri nizime mashine.

"Miezi kumi na minne ni ya kunakili," alisema. "Amechukua tarakimu za miezi ya nyuma yake, akazisogeza siku moja mbele."

"Labda ofisi ndiyo imekosea."

"Nimeangalia daftari lenyewe. Ni mwandiko wake." Akalifungua, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Tarehe hii unaikumbuka?"

Niliikumbuka. Ndiyo siku tuliyomzika mama. Mbele yake baba alikuwa ameandika kumi na mbili nukta nne.

"Siku ile palikuwa pakavu," dada alisema. "Wachimba kaburi waliomba maji ya kulainishia udongo. Mimi ndiye niliyewapelekea ndoo."

Miezi kumi na minne ndiyo aliyolala mama hospitali ya mjini. Baba alikuwa analala kwenye benchi nje ya wodi, pampu akimwachia mwenzake, na nyumbani alirudi mara moja kwa wiki kufua. Mimi nilikuwa nafanya kazi mbali, dada anafundisha. Hakuna kati yetu aliyejiuliza kipimo kinasomwa na nani.

Nilimwambia dada aitoe miezi hiyo kimyakimya, yaishe. Alisema fomu ziko ofisini, na yeye akinyamaza mtu mwingine atazitumia, tuta litajengwa fupi, na bondeni watazikana tena. Nilimjibu kwamba anatafuta shahada kwa mgongo wa baba. Nilijua si kweli hata wakati naitamka, lakini nilikuwa na hasira na nikaitamka.

Jioni tulikwenda kwa mzee pamoja. Alikuwa na shati lake la kola. Alipoona daftari limefunguliwa ukurasa gani, hakubisha.

"Kwa nini hukuweka kistari, baba?" dada aliuliza. Fomu inaruhusu. Siku isiyopimwa unaweka kistari, na hakuna wa kukugombeza.

"Kistari ni cha mtu aliyelala," baba alisema. "Sijawahi kuweka kistari maisha yangu. Nilijua wakiviona vingi watakuja kung'oa kipimo. Halafu mama yenu kila jioni ananiuliza, umepima leo? Namwambia nimepima. Anafurahi, anasema basi huko nyumbani mambo yako sawa."

Dada alilia. Mimi nilitazama sakafu.

"Utaandika jina langu?"

"Hapana, baba. Nitaandika kituo tu."

"Kituo ni mimi," alisema.

Dada aliandika. Ni ukurasa wa arobaini na saba wa tasnifu yake, nimeusoma mara nyingi kuliko maandishi yoyote maishani mwangu. Unasema kwamba miezi kumi na minne ya kituo hicho si vipimo halisi, na kwa kuwa haiwezekani kuthibitisha iliyobaki, kumbukumbu zake zote zimeachwa. Zote, miaka kumi na tisa. Ilibidi Profesa aanze upya kwa alama za matope zilizobaki kwenye kuta za bondeni na kwa kuwahoji waliookoka, na shahada ikachelewa mwaka mzima. Alipendekeza kaya zihamishwe. Nusu zimehama, nusu bado wapo wanabishana na halmashauri.

Mficha maradhi kifo humuumbua, watu husema, na wanasema kirahisi wakati mgonjwa si wao. Habari zilifika sokoni. Muuza mkaa mmoja akamwuliza baba mbele za watu, "Mzee, ya jana ngapi? Au bado hujanakili?" Baba alirudi nyumbani bila mkaa. Kesho yake saa tatu hakutoka uani. Alimkabidhi dada glasi na daftari, na dada akahamia nyumbani ili apime. Waliishi nyumba moja, walikula meza moja, na sikuwahi tena kumsikia mzee akitaja mvua. Hata ikipiga bati tukashindwa kusikilizana, aliinamisha kichwa tu. Mwezi wa nane moyo wake ulisimama akiwa kitini.

Siku ya mazishi mvua ilianza alfajiri. Saa tatu tulikuwa mochwari tunasubiri karatasi za kuchukulia mwili. Mpaka tunaufikisha nyumbani ilikuwa saa saba. Kabla ya kwenda makaburini, dada alipita uani na nguo zake nyeusi, mimi nikamshikia mwavuli. Chupa ilikuwa imejaa mpaka inafurika ndani ya silinda.

"Pima," nilimwambia. "Maji si haya hapa. Kwa ajili ya mzee tu, Profesa."

"Saa tatu hatukuwepo," alisema.

Alimwaga maji yote chini, akarudisha chupa mahali pake, akafunga mlango wa uzio. Kisha alifungua daftari chini ya mwavuli, na mbele ya tarehe ya kumzika baba akaweka kistari.