Nani Aingie Kitabuni: Miaka Yangu ya Kupima Umashuhuri wa Wanamichezo

Walisema sitaweza. Mjomba wangu kule Bukoba alisema mtu anayeshindwa mbio na mbuzi wa nyumbani hawezi kuwapima wanamichezo. Majirani walisema waliokwenda Ulaya hurudi na koti zito tu. Mimi nilirudi kutoka Bulgaria na koti zito pamoja na stashahada ya uhariri wa kamusi elezo, ya kwanza katika Mwanza nzima. Kama ilikuwapo nyingine, mwenyewe hakuwahi kuionyesha.

Siku ya kwanza niliripoti ofisi ya utamaduni nikiwa na msumari wangu mfukoni. Stashahada ilikuwa ukutani kabla sijapewa kiti. Afisa Utamaduni wa Mkoa, Msukuma mnene wa Usagara aliyependa kucheka na aliyechukia kubishiwa, aliisoma akiwa amefunga mikono nyuma.

"Ndugu Kamugisha, karatasi hii inasema unaweza nini?"

"Inasema naweza kuamua nani aandikwe na nani asiandikwe, Ndugu Afisa."

"Hata mimi naweza, bila karatasi."

"Unaweza, lakini utaandika shemeji zako wote."

Alicheka mpaka akajifuta macho. Ndipo akaagiza niletewe kiti.

Zilikuwa zama za kujitegemea, na mkoa ulikuwa umeamua kuwa na kamusi elezo yake, yaani kitabu cha kueleza watu na mambo yetu kwa mpangilio wa alfabeti. Kila habari humo huitwa kidahizo. Nilikabidhiwa vidahizo vya wanamichezo vijana, sehemu ambayo kila mhariri aliikimbia. Mzee ni rahisi kumwandika, kwa kuwa alilofanya amekwishalifanya. Kijana leo ni bingwa, kesho ana kitambi na duka la mafuta ya taa, na kitabu bado kinasema anaruka juu.

Kwa hiyo niliweka kigezo. Kijana aingie iwapo tu ametajwa na vyanzo viwili visivyotegemeana. Kwa lugha ya nyumbani niliwaeleza wenzangu hivi: mashahidi wawili wasiokula chungu kimoja. Nilianza kazi hiyo Igogo, kwenye timu za mpira za mtaani, na wiki ya kwanza tu nikapata maadui wengi kuliko mwamuzi. Kijana mmoja, mlinda mlango, alileta vyanzo viwili: baba yake na mama yake. Nilipomkatalia, nikaja kugundua kuwa ni mpwa wa Afisa Utamaduni.

Afisa hakugomba. Alinihamishia Magu.

"Kule kuna mpunga na hewa safi," aliniambia. "Stashahada yako itapumua."

Magu ndiko nilikomkuta Minza. Alikuwa binti wa shule ya sekondari, mrusha mkuki, na mkono wake ulikuwa umefundwa shambani kwa kuamia ndege: tangu utotoni alikuwa akiwatupia madongo ndege wanaoshambulia mpunga. Mkoa ulikuwa umetangaza kwamba vijana watakaoingia kitabuni watafikiriwa kwanza kwa nafasi za chuo cha ualimu wa michezo. Minza hakutaka kingine duniani ila ualimu huo.

"Shikamoo," alinisalimu uwanjani. "Ndiwe unayeamua kama mimi nipo?"

"Marahaba. Upo, hilo naliona. Swali ni kama una vyanzo."

Akachukua hatua chache, akarusha. Mkuki ukapita mwisho wa uwanja, ukatua kwenye viazi vya watu.

"Chanzo kile pale," akasema.

"Mkuki hauwezi kutoa ushahidi, mwanangu."

Magazeti mawili yalikuwa yamemtaja, lakini la pili lilikuwa limenakili la kwanza, pamoja na kosa la jina la baba yake. Chungu kimoja. Nilimwambia hivyo uso kwa uso. Hakulia. Aliniangalia kama anavyoangalia ndege aliyetua kwenye mpunga wake, akaenda kuufuata mkuki.

Kisha yakaja mavuno, na mavuno ya Usukumani ni ngoma. Pande mbili hukabiliana uwanjani siku nzima, kila upande na manju wake, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo. Upande unaovuta watu wengi ndio mshindi, na manju huimba lolote linalozungumzwa mwaka huo. Manju wa kwanza aliimba kwamba mkuki wa Minza ukirushwa asubuhi, ng'ambo ya mto Simiyu wanaupokea jioni. Watu wakamkimbilia. Manju wa pili akajibu papo hapo: kweli unafika mbali, tena mbali kuliko mikuki ya wanaume wote, lakini ulilenga ndege ukachoma mbuzi wa jirani!

Watu walianguka kwa kicheko. Mimi peke yangu nilisimama wima, kwa kuwa mimi peke yangu nilikuwa nimesomea jambo hilo. Hasimu alikuwa amekiri umbali!

Kikao cha mwisho kilifanyika Mwanza. Kiwanda cha uchapaji kilikuwa kimebakiwa na karatasi ya kidahizo kimoja tu. Afisa alimweka mezani mpwa wake. Mimi nilimweka Minza, na nyimbo za manju wawili kuwa vyanzo vyake.

"Nyimbo?" Afisa aliguna. "Bulgaria walikufundisha nyimbo? Wacheza ngoma ni wale wale. Hicho ni chanzo kimoja."

Sikubishana. Nilijua kila msimu alikuwa akivua tai na kwenda Magu kuchezea upande wa kwanza wa ngoma.

"Ndugu Afisa, nisaidie jambo moja. Nyinyi na upande wa pili mnakula chungu kimoja?"

Aliruka kitini. "Wale? Mimi nile na wale? Hata maji ya kisima chao sinywi! Tangu babu yangu hatujakubaliana nao hata kwamba mvua imenyesha!"

Nikaandika: vyanzo viwili. Alibaki amesimama, akatutazama mmoja mmoja, kisha akaanza kutikisika kwa kicheko chake kile.

"Andikeni huyo binti," alisema. "Mpwa wangu naye alinde mlango kwanza."

Minza akaenda chuoni.

Sasa nimestaafu. Kamusi inahaririwa upya, na mwenyekiti wa jopo ni Mwalimu Minza. Nilimtembelea ofisini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nadhani herufi K bado ina nafasi."

"Ipo. Nani amekuimba?"

"Upande wa pili. Kuhusu Mhaya aliyepima mkuki kwa kalamu."

"Na upande wa kwanza?"

"Hao wananipenda tu. Hawajaniimba."

Alitabasamu, akanimiminia chai. "Wakikuimba njoo, mzee wangu."

Hakuna mhariri ambaye angejibu vizuri zaidi, na nani alimfundisha? Kwa hiyo vijana msininyooshee kidole cha kunihurumia. Kila mavuno nakwenda Magu, nasimama karibu kabisa na manju wa upande wa kwanza, na kumsimulia stashahada yangu kwa sauti kubwa tangu asubuhi. Msimu uliopita alianza kukunja uso. Dalili ni nzuri.