Kilichokuwa Chini ya Jiwe la Bwanali

Sikudhani wa Chiwata hakukanyaga darasa hata siku moja, na kwa miaka mitatu hakuwa na neno zuri kwa shemeji yake Bwanali. Mumewe alipofariki, Bwanali alidai mistari mitatu ya mikorosho ya mjane ni yake, akaonyesha jiwe la mpaka: marehemu baba yao aliliweka pale kabla Sikudhani hajaolewa. Mikorosho ile Sikudhani aliipanda kwa mikono yake, mimba ya Happiness ikiwa tumboni. Wazee wakaliamini jiwe.

Mwaka jana mtaalamu wa miamba, Dickson, alitafuta mtu wa kumwonyesha njia ya mlimani. Sikudhani akamchukulia nyundo, akamuuliza jiwe linapimwaje umri na halioti mvi. Dickson akacheka. Ndani ya mwamba, alisema, mna punje ambazo madini yake hugeuka kuwa mengine polepole, kwa mwendo usiobadilika. Maabara hupima yaliyogeuka na yaliyobaki, ikapata miaka, mamia ya mamilioni. Na mifupa iliyogeuka mawe? Hiyo hutazamwa kwanza imelala tabaka gani.

"Kilicho chini kililala kwanza, Mama Happiness."

"Hata chini ya jiwe la shambani?"

"Hata hapo, mradi hakuna aliyelisogeza."

Sikudhani alishuka mlima akiimba.

Wiki iliyofuata aliomba baraza la kijiji likutane palepale mpakani. Akamwomba mwenyekiti amuulize Bwanali kama jiwe limewahi kuguswa tangu baba aliweke. Bwanali akaapa halijaguswa hata na mbuzi.

"Basi tulibiringishe," akasema Sikudhani, ingawa hakujua chini yake kuna nini.

Vijana wakalibiringisha. Chini palikuwa na siafu, udongo mweusi, na mfuko wa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, umebanwa bapa kama chapati. Mwenyekiti akaupangusa, akasoma: umetengenezwa miaka minne iliyopita. Baba yake Bwanali alizikwa Happiness akiwa bado ananyonya, na sasa Happiness ana watoto wawili.

"Kumbe baba mkwe alifufuka," alisema Sikudhani taratibu, "akaja kupuliza salfa, akarudi kulala."

Baraza zima likacheka, mke wa Bwanali akiongoza. Mwenyekiti akaamuru jiwe lirudishwe na aliyelileta. Bwanali akalisukuma mstari baada ya mstari, jasho likimtiririka, na Sikudhani akatangulia kumwonyesha njia, kama alivyomwonyesha Dickson mlimani.