Kipa na Mwaka wa Tatu

Paa! Kimya kidogo, kisha paa tena. Nilijitupa chini ya meza, kalamu ingali mkononi. Wiki tatu kabla, lori lililonileta Garissa kutoka Wajir lilikuwa limepigwa risasi, na tangu hapo sikuweza kupambanua kishindo na kishindo. Aliyeniinamia ni kaka wa mama yangu. Nilimwita abti, naye, kwa desturi yetu, aliniita abti vilevile.

"Abti, toka huko. Ni kipa anapiga mpira kwenye mabati ya ghala. Au tukuletee chai hapo chini?"

Nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu safari ile.

Nilikuwa nimerudi kutafiti visima kwa ajili ya shahada ya pili, lakini vita vilikuwa vimefunga barabara za kwenda visimani. Abti, mwenyekiti wa timu ya mpira ya wafanyabiashara wa mifugo, akanifanya katibu. Shauri lililokuwapo lilimhusu huyo kipa. Alikuwa ametoka upande wa Mandera baada ya kupoteza mifugo yake yote, na timu ikampokea: chumba, chakula, kazi katika ghala la ngozi. Mkataba wake wa miaka miwili ulikuwa unakwisha. Timu ilikuwa na hiari ya kumshikilia mwaka wa tatu, na timu moja ya Nairobi ilimtaka. Walitaka jibu kwa simu kabla ya alasiri ya Alhamisi. Kwao angepata kazi, na barua ya mwajiri ya kumvusha kwenye vizuizi, kitu ambacho siku zile hakikupatikana kwa urahisi.

Niliandika kurasa kumi: kumshikilia, kumwachia, au kumpa mkataba mpya, kila njia na faida na hasara zake. Kamati ilizisikiliza hotelini, mbele ya chai ya maziwa ya ngamia.

"Karatasi yako nzuri sana," alisema mwuza ngozi mmoja, "lakini ni ndefu kuliko barabara ya Liboi."

Kipa mwenyewe nilimwuliza mara tatu anataka nini. Mara tatu alijibu, "Mtakavyoamua ninyi." Basi nikaandika: mchezaji hana upendeleo wowote. Niliipenda sana sentensi hiyo.

Abti aliposoma hapo, alivua miwani. "Huko chuoni wanawafundisha nini? Mtu uliyempokea hana kitu, atakuambiaje nataka kuondoka? Haombi ruhusa. Hupewa."

Niliona aibu. Desturi hiyo nilikuwa nimeieleza mwenyewe katika sura ya pili ya tasnifu yangu, miongoni mwa wafugaji na wageni wao. Sikudhani kwamba desturi nayo huvaa viatu vya kuchezea mpira. Tena ushahidi kwamba anataka kuondoka ulikuwa mbele ya macho yangu: wiki nzima kipa alikuwa akimfundisha mchinjaji, kipa wetu wa akiba, kuruka kushoto na kulia.

"Na akienda, nani atadaka?" aliuliza mwuza ngozi.

"Mchinjaji."

"Yule? Yule anadaka mbuzi, tena aliyefungwa!"

Walicheka, wakabishana, wakanywa tena. Hatukupiga kura, kwetu shauri huzungumzwa mpaka asibaki wa kupinga. Mwuza ngozi alikuwa wa mwisho. "Haya," alisema. "Tumpe ruhusa, na dua."

Kilichobaki ni simu, nami niliiogopa, kwa kuwa neno lililokwisha kusemwa kwenye waya halifutiki. Posta niliandika rasimu nne za salamu peke yake.

"Dada," karani alisema, "unapiga simu au unafanya mtihani?"

Nikapiga.

"Mwaka wa tatu hatuutumii," nilisema. "Tunamwachia kwa moyo mweupe. Barua yake ya safari iandikeni leo."

Sauti ya Nairobi ilishukuru, kisha ikauliza kama kipa ana kasoro yoyote wanayopaswa kuijua.

"Moja," nilisema. "Hataomba kitu. Msimngoje aombe, mpeni kwanza."